Land Cruiser pickup za springi za majani mbele: kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kununua spea

Usukani ukianza kutikisika kwenye Land Cruiser ya zamani, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni shokapu ya usukani. Gari linatulia kwa muda, halafu mtikisiko unarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Shokapu ile haikutibu kitu. Ilishikilia tu kitu kinachocheza mahali pengine, na kitu hicho kimeendelea kulika wakati dereva anadhani amepona. Ukweli huo ndio ulioongoza mpangilio wa maelezo haya: dalili kwanza, kipimo chake, na spana mwisho.

Gari linalozungumziwa ni pickup yenye ekseli moja iliyonyooka mbele, iliyokaa juu ya springi za majani. Hizo ni za mfululizo wa 45 (FJ45, HJ45), zilizotengenezwa hadi 1984, na za 75 zilizofuata (HJ75, HZJ75) hadi 1999. Baada ya hapo ikaja 79 yenye springi za koili mbele. Kama hujui ulilo nalo ni lipi, hesabu nati za tairi: za majani zina nati 6, ya koili ina 5. Mwenye 79 atafaidika na sehemu ya nako (kasha la chuma linalobeba habu na kugeuka pamoja na tairi) na ya beringi, lakini asifuate chochote kinachohusu sheko na yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) za mbele.

Vipimo vya kwanza, gari likiwa chini

Usipandishe gari jeki bado. Tairi za mbele zikae sakafuni zikiwa na uzito wake wote, injini iwake kama kuna pawa stelingi, kisha mtu mmoja ayumbishe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Wewe lala chini na ushike kila kiungo kwa mkono: mkono wa boksi ya usukani, fito ya kwenda kwenye nako, ncha zote nne za tairodi, yaani fito za usukani. Kiungo kizima kinasogea kama kitu kimoja. Kilichochoka utakisikia kwenye vidole kikiruka kabla fito haijafuata. Kwenye 45 shika pia ule mkono wa kati ulioungwa kwenye chesisi mbele, kwa sababu bushi zake zikiisha hata tairodi mpya kabisa hazitatuliza usukani, na ni sehemu inayosahauliwa sana.

Angalia pia springi palepale. Usukani ukiyumbishwa na chesisi ikasogea pembeni huku ekseli imebaki, tatizo liko kwenye bushi na sheko. Sheko ni vile vibapa viwili vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi. Kwa magari haya viko ncha ya mbele ya springi, chini ya bampa.

Sasa pandisha jeki chini ya ekseli, weka stendi, zuia tairi za nyuma zisibingirike. Mawe na magogo si stendi. Ekseli ikiteleza, mtu aliye chini hana pa kukimbilia.

Shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na akae nayo, halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za tairi. Ukibaki vilevile, ni beringi za kingipini, yaani zile ambazo nako inageukia juu yake, ndani ya nako. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinaokoa watu wengi wanaobadilisha beringi za tairi mara tatu wakati kosa liko nyuma yake. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo, kama haupo juu na chini, mara nyingi ni ncha za tairodi.

Usukani unatikisika ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa

Unapita kwenye kishimo au kiungo cha daraja, tairi moja inashtuka, ya pili inaipokea, na mtikisiko unajilisha wenyewe hadi upunguze mwendo kabisa. Ili jambo hili litokee lazima pawe na vitu viwili: kinachoanzisha na kinachoruhusu.

Kinachoanzisha kwa kawaida ni tairi. Peleka za mbele nyuma na za nyuma mbele, uendeshe barabara ileile. Mtikisiko ukibadilika, nenda kwenye balansi, na uangalie kama rimu zimepinda au tairi imevimba.

Kinachoruhusu ndiyo kazi yenyewe, na hapa kingipini inastahili muda wako. Nako inazunguka juu ya beringi mbili za koni, moja juu na moja chini. Beringi hizo zinatakiwa zibanwe kiasi, zisikae huru. Mbano huo ndio unaoizuia tairi isipepee. Ukiisha, hakuna mchezo mkubwa unaoonekana kwa macho, lakini gari linatikisika. Ndiyo maana fundi anaweza kuangalia kila kitu akasema kizima.

Pima hivi. Toa ncha za tairodi na fito ya usukani kutoka kwenye mkono wa nako, ili kila nako ibaki peke yake. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au mkaa, kwenye tundu la tairodi, uvute kwa pembe mraba na mkono. Soma namba wakati nako inaanza kusogea. Kipimo hiki hufanywa mhimili (shafti ya ndani inayozungusha tairi) ukiwa umetolewa na sili za nyuma ya mpira wa ekseli (tufe la chuma lililo mwisho wa ekseli, ndani ya nako) zikiwa hazijafungwa, kwa sababu vyote viwili vina ukinzani wake. Kulingana na modeli na mwaka, kiwango huwa kati ya kilo 2 na 6. Chukua namba ya gari lako kwenye kitabu cha gereji cha chesisi hiyo. Nako inayosogezwa kwa kidole kimoja haina mbano kabisa.

Mbano unaongezwa kwa kupunguza shimu, zile karatasi nyembamba za chuma zilizo chini ya kifuniko cha beringi na chini ya mkono wa nako. Hapa pana kosa linaloharibu kazi nzuri: watu wanatoa shimu upande wowote. Shimu za juu na za chini ndizo pia zinazoweka nako katikati ya mpira wa ekseli. Ukiziondoa zote chini, nako inahama, mhimili haukai tena katikati ya sili ya ndani, na baada ya muda mfupi unaanza kuvuja. Ziweke kwenye mifuko miwili iliyoandikwa JUU na CHINI tangu dakika ya kwanza, upande wa kulia na wa kushoto mbali mbali.

Nati za mkono wa nako zimekaa juu ya washa za koni. Usizichokonoe kwa bisibisi. Legeza nati ibaki imeshika nyuzi chache, kisha piga mkono wa nako pembeni ya stadi kwa nyundo ya shaba. Koni itaruka yenyewe. Ukipiga stadi utaharibu nyuzi. Wakati wa kurudisha, safisha stadi na matundu mpaka pasiwe na grisi, tumia gundi ya nyuzi, kaza takriban Nm 95 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki). Stadi hizi zikilegea zinakatika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikikatika usukani hauna tena mamlaka juu ya tairi ile. Pitia tena baada ya kilomita 500.

Baada ya yote hayo ndipo shokapu ya usukani inapata nafasi yake. Gari zuri linatakiwa liende bila kutikisika hata shokapu hiyo ikiwa imetolewa. Ndivyo unavyojua kazi imekwisha.

Mchezo unapotea ukikanyaga breki

Beringi za tairi, basi. Mara nyingi hazijafa, zimelegea tu. Nati yake inahitaji soketi ya milimita 54. Gharama ya soketi hiyo ni ndogo kuliko ya habu, lakini bado utakuta nati zenye makovu ya tindo pande zote sita. Tindo inafanya mabaya mawili: haikupi kipimo, na vijichipu vyake vya chuma vinaingia kwenye grisi na kusaga beringi mpya.

Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe bila kuzizungusha kwa upepo wa kompresa, uzitazame kwenye mwanga. Rola inatakiwa iwe ya kijivu laini. Ukiona vidoa kama vya ndui, au njia ya beringi ina mistari unayoihisi kwa ukucha, badilisha beringi pamoja na kikombe chake. Usiweke beringi mpya kwenye kikombe cha zamani.

Jaza grisi kati ya rola kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili. Kaza nati ya ndani takriban Nm 60 huku ukizungusha habu pande zote mbili, ilegeze hadi iwe huru, kisha ikaze kidogo, kama Nm 5. Sasa funga mizani kwenye stadi moja ya tairi, pedi za breki zikiwa zimetolewa: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Weka washa mpya ya kufungia, nati ya nje Nm 65 hivi, pima tena kwa mizani, kwa sababu nati ya nje huongeza mbano. Ndipo ukunje masikio ya washa.

Supu ya kijivu ndani ya tairi

Hii ni dalili ambayo ukiitazama kwa karibu inakueleza yenyewe. Pitisha kidole chini ya mpira wa ekseli. Grisi nyeusi nzito iliyojikusanya kidogo kwenye ukingo wa sili ni ya kawaida. Mpira unatakiwa uwe na utando mwembamba wa grisi. Ukiwa mkavu kabisa unaota kutu. Lakini ukikuta uji wa kijivu, mwepesi, unaonuka oili ya difu na umetapakaa hadi upande wa ndani wa tairi, maana yake oili imevuka sili ya ndani ya ekseli ikachanganyika na grisi ya sivi jointi, kile kiungo cha mhimili kinachopinda tairi inapokata kona. Sivi inakosa grisi inayoistahili, difu linakosa oili, na kwa habu na breki ni suala la muda.

Kabla ya kuagiza seti ya sili, tafuta brisa ya difu, kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Ikiziba kwa matope, joto la safari ndefu linasukuma oili itoke kwenye sili. Sili mpya kwenye brisa iliyoziba itavuja kama ya zamani. Kagua pia kiwango cha oili, maana kuna wanaojaza kupita tundu.

Mpangilio wa kufungua ni habu, spindo (shina ambalo habu huzunguka juu yake) yenye bolti 8, mhimili na sivi yake, tairodi, bolti 8 za bangili ya sili ya nyuma, halafu nako. Kengele ya sivi ina pande mbili bapa. Geuza upande bapa uwe juu, mhimili utapita bila kugoma. Ubebe kwa mikono miwili hadi utoke wote na usiuache uburuzike kwenye sili mpya wakati wa kurudisha. Mahali sili inapogusa mhimili pakiwa na mfereji unaonasa ukucha, sili mpya haitaziba. Ipige ndani zaidi au ishike nje kidogo, kwa milimita 2 au 3, ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, ilimradi isitoke kwenye kiti chake.

Sivi inataka grisi yenye molibdeni. Ijaze yenyewe kwanza kwa kusukuma ndani ya mipira yake, kisha jaza kasha la nako kiasi cha robo tatu. Ukijaza hadi pomoni, joto litaisukuma grisi itoke kwenye sili ya nyuma. Sivi inayolia tak-tak-tak ukikata kona na 4x4 imefungwa imekwisha; grisi haiponyi mipira iliyochimbika.

Gari linatangatanga, kila wakati unalirekebisha

Hapa usikimbilie parafujo iliyo juu ya boksi ya usukani. Ukiikaza boksi ambayo haina kosa, usukani unakuwa mgumu katikati na haurudi wenyewe baada ya kona, na boksi inaanza kulika.

Anza na upepo wa tairi, halafu angalia sheko. Watu hufunga sheko ndefu ili kuinua gari, na kwenye magari haya sheko ziko mbele. Sheko ndefu inashusha ncha ya mbele ya springi, ekseli inajizungusha, na kichwa cha kingipini kinaegemea mbele. Kasta (mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma), ambayo tangu kiwandani kwa magari haya ya zamani ni ndogo, inakwisha kabisa. Bila kasta tairi haina sababu ya kujinyoosha. Tiba ya kwanza ni kurudisha sheko za urefu wake. Kama gari limeinuliwa kwa springi na halishuki, weka kabari za chuma kati ya springi na kiti cha ekseli. Kwa kuwa springi hukaa chini ya ekseli, upande mnene wa kabari uangalie mbele. Tumia za chuma. Za alumini hupondeka. Hakikisha pia propela shafti ya mbele haijapata pembe kali kwa mabadiliko hayo.

Kuvuta upande mmoja

Kwa nchi tunazoendesha kushoto, barabara nyingi zimeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari likiegemea kidogo huko si ugonjwa. Jaribu katikati ya barabara tupu.

Gari likivuta kwa nguvu, gusa rimu baada ya mwendo: ya moto kuliko mwenzake ina breki inayoshika. Kama zote ni za joto moja, chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti inayozidi sentimita moja inaelekeza kwenye senta bolti (ile ya katikati ya majani ya springi) iliyokatika: ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Senta bolti haikatiki kwa bahati mbaya. Yubolti zilikuwa zimelegea, ekseli ikawa inateleza, na bolti ile ndogo ikabeba mzigo usio wake. Ukibadilisha bolti peke yake utairudia kazi.

Kugonga kwenye rasta na vishimo vidogo

Tazama kabla ya kutikisa. Unga mwekundu mkavu pembeni ya bushi ni kutu ya chuma kinachosagana na chuma: raba imekwisha. Mstari unaong'aa kando ya pleti ya yubolti ni pleti inayotembea. Jani la springi lenye ufa huonyesha mstari mweusi wenye kutu ndani, mara nyingi karibu na kiti cha ekseli au kwenye jicho. Kisha ingiza mtaimbo kati ya sheko na chesisi, uinue taratibu.

Mbele yote hutumia kwa kawaida nusu-bushi 12: mbili kwenye kila jicho la springi, mbili kwenye chesisi kila upande. Nunua zote. Bushi za raba iliyosagwa upya ni laini ukizibonyeza kwa kucha, na hupasuka mapema. Ongeza yubolti 4 na nati zake 8, senta bolti 2, na pini yoyote ambayo bushi imeichonga kiuno. Pini yenye kiuno hula bushi mpya. Usipake grisi ya kawaida kwenye bushi za raba, kwa kuwa inaivimbisha. Maji ya sabuni yanatosha kuiingiza.

Kosa linaloua bushi mpya kuliko lolote ni kukaza pini na sheko wakati gari liko juu ya stendi na springi zinaning'inia. Raba inanaswa katika hali hiyo, na gari likishuka inabaki imejisokota muda wote hadi ichanike. Kaza kwa mkono, shusha gari, litikise mara kadhaa likae kwenye springi zake, ndipo ukaze kabisa. Yubolti kaza kwa msalaba, hatua kwa hatua, hadi takriban Nm 120. Rudia baada ya kilomita 500, maana majani huendelea kujipanga. Yubolti za zamani zimeshavutika; usizirudishe.

Upande mmoja umelala

Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, pande zote, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Kwenye modeli kadhaa springi ya kulia na ya kushoto si sawa tangu kiwandani, kwa hiyo weka alama kabla ya kuzitoa. Springi iliyolala inaweza kurudishwa upinde na fundi springi kwa kupigwa ikiwa baridi. Ikichomwa moto na kuachwa ipoe hivihivi, chuma kinapoteza ukakamavu na inalala tena. Kuongeza jani mbele bila sababu ya uzito kunaifanya gari iruke badala ya kunesa, na tairi inayoruka haishiki barabara.

Tairi za mbele zinalika ukingo mmoja

Baada ya kubadilisha ncha za tairodi, toini (tairi za mbele kuelekeana kidogo upande wa mbele) huwa imepotea, hata kama ulihesabu nyuzi. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi ya mbele, sukuma gari mbele likae sawa, pima umbali kati ya mistari upande wa mbele wa tairi kwa kimo cha habu. Sukuma tena hadi mistari ifike nyuma kwa kimo kilekile, upime. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 3 kwa tairi za radial. Bomba la tairodi lina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine. Legeza vibano, zungusha bomba, pima tena. Kabla ya kubana, hakikisha ncha zote mbili zimelala kwa pembe moja, la sivyo moja itagonga ukomo wake ukikata kona. Weka pini mpya za kufungia nati za ncha, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukiangalia kama mpira wa breki unagusa springi.